Ravenna siku moja ya Januari: tiketi moja, dhahabu darini, na soksi mbili mbili

Mume wangu alitaka Venice. Huu ni mwaka wetu wa nne Bologna, Italia, na kila baridi ikiingia huniahidi Venice, halafu tunaangalia bei tunanyamaza. Januari hii nikamwambia twende Ravenna: saa moja na robo kwa treni, na jioni hiyo hiyo tumerudi kwetu. Akauliza kuna nini huko. Nikasema kuna mozaiki, zile picha za vijiwe vya rangi vilivyopangwa ukutani na darini. Yeye ni mtu wa Mombasa, akanijibu: "Yaani twaenda kutazama vigae, na baridi hii?"

Tulipanda treni ya kawaida, ile inayosimama karibu kila kituo, saa mbili na nusu asubuhi. Nje ukungu mtupu, hata miti ya kando ya reli huioni. Ukinunua tiketi ya karatasi, igonge muhuri kwenye kile kimashine cha kituoni kabla hujapanda, la sivyo ni faini. Sisi tulikumbuka tukiwa tumeshakaa. Mzee wa watu akateremka mbio, akarudi milango ikiwa tayari inalia.

Kutoka stesheni hadi mjini ni mwendo wa miguu, na mji wote ni tambarare. Sitawadanganya, mwanzo hauvutii. Matofali, baiskeli, ukungu. Hata kanisa la San Vitale, lililowekwa wakfu mwaka 547, kwa nje unaweza kudhani ni ghala la zamani. Mume wangu hakusema kitu, ila alinitazama kwa jicho ninalolijua.

Tulichukua tiketi ya pamoja inayokuingiza San Vitale, kaburi la Galla Placidia, Sant'Apollinare Nuovo, jengo la kubatizia la Neoniano na makumbusho ya askofu mkuu. Kwa kila mmoja haikufika euro 20, na kwa vitu vile ni rahisi. Angalia jambo moja tu: kaburi na jengo la kubatizia unapangiwa saa ya kuingia, na mle kaburini muda rasmi ni dakika tano. Dakika tano! Majira ya joto kuna msururu mgongoni mwako, huna la kufanya. Siku ile tulikuwa sisi wawili, wazee wawili wa Kiitaliano, na mhudumu aliyejizungushia skafu hadi puani. Hakuna aliyetutoa. Kwangu mimi, kwenda wakati wa baridi kulilipa hapo hapo.

Mle ndani ni kadogo, kama chumba cha kulala. Madirisha hayana vioo, yana vipande vyembamba vya alabasta, jiwe linalopitisha mwanga, na mwanga unapita rangi ya asali. Mwanzo huoni kitu. Macho yakizoea giza, dari inaanza kutokea polepole: buluu ya usiku wa manane, na nyota za dhahabu kwa mamia zikizunguka msalaba. Pembeni kulungu wanakunywa maji, njiwa wako kwenye ukingo wa bakuli, na juu ya mlango kuna mchungaji kijana na kondoo zake. Vijiwe vyake ni vya kioo, na havikulazwa sawasawa. Vimeinamishwa huku na huku, ndiyo maana ukisogeza kichwa kidogo tu, nyota nazo zinachezacheza. Galla Placidia mwenyewe, binti wa kaisari, alifia Rome mwaka 450. Jina ndilo limebaki hapa. Nilimwangalia mume wangu: ameinua uso, mdomo wazi, kofia mkononi. Vigae!

San Vitale ni kubwa zaidi na ina makelele zaidi, nikiruhusiwa kusema hivyo kuhusu ukuta. Upande mmoja kaisari Justinian na watu wake, upande wa pili mkewe Theodora amevaa lulu mpaka mabegani, na wote wawili hawakuwahi kukanyaga Ravenna. Nililolipenda ni hili: katika kundi la kaisari, mtu mmoja tu ameandikwa jina juu ya kichwa, Maximianus, askofu aliyelizindua kanisa. Katika kila harusi huwa yuko mtu kama huyo. Na aliyetoa fedha za ujenzi, vipande 26,000 vya dhahabu, alikuwa mtu wa benki aliyeitwa Julianus.

Kilichotuchekesha zaidi kiko Sant'Apollinare Nuovo. Kanisa hilo lilijengwa na Theodoric, mfalme wa Wagothi. Wabizanti, yaani watu wa kaisari Justinian huyo huyo, walipoutwaa mji mwaka 540, hawakutaka kuwaona watu wake ukutani, basi baadaye wakafutwa, na mahali pao pakawekwa mapazia. Mafundi lakini walisahau mikono. Mpaka leo ukitazama nguzo za jumba la mfalme lililochorwa pale ukutani, utaona kiganja hapa, kidole pale, vya watu ambao hawapo. Mume wangu akasema ni kama picha ya harusi aliyokatwa shemeji mliyegombana naye, mkono wake ukabaki begani kwa bibi harusi. Tulisimama pale muda mrefu kuliko mahali popote, tukihesabu mikono.

Sasa chakula. Tulitoka saa tisa kasoro, njaa inauma, tukaingia mkahawa mmoja mzuri wenye vitambaa mezani. Tukaambiwa jiko limeshafungwa, turudi jioni. Hatukuambiwa kwa upole pia. Basi kumbukeni, chakula cha mchana ni kabla ya saa nane na nusu. Tuliokolewa na kibanda cha piadina, ambayo ni chapati ya huku, Mswahili hahitaji maelezo zaidi. Ila kwa sisi Waislamu kuna la kuangalia: piadina ya asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Uliza ya mafuta ya zeituni, vibanda vingi wanazo. Tulikula na jibini laini la squacquerone na majani ya rucola, moto moto, tumesimama. Mume wangu aliongeza ya pili.

Kaburi la mshairi Dante ni bure, ni kijumba kidogo cheupe cha mwaka 1780. Watu wa Firenze, mji wake, walimfukuza mwaka 1302, akafia Ravenna mwaka 1321, na wakaja kuitaka maiti baadaye. Mwaka 1519 papa alipowakubalia, kaburi lilikutwa tupu: mapadri wa Kifransisko walishatoboa ukuta kwa nyuma na kuificha mifupa, ikaja kuonekana mwaka 1865. Firenze hadi leo huleta mafuta ya ile taa inayowaka ndani. Na kilichomuua ni malaria. Tulishtuka wote wawili, malaria Italia! Lakini mji huu ulizungukwa na mabwawa, na makaisari wa Kirumi waliuhamia mwaka 402 kwa sababu hiyo hiyo, adui asiwafikie. Inasemekana Dante aliipata njiani, akirudi kutoka Venice. "Umesikia," nikamwambia mume wangu, "Venice."

Hatua chache kutoka hapo, kanisa la San Francesco lina chumba cha chini kilichojaa maji, na samaki wekundu wanaogelea juu ya sakafu ya mozaiki. Unatia sarafu, taa inawaka, ikizima unatia nyingine. Tulimaliza sarafu zote.

Nyota nne kati ya tano. Moja naiondoa kwa sababu makanisa hayana joto kabisa, na sakafu ya marumaru inapenya viatu; vaa soksi mbili mbili, na ukiwa na darubini ndogo beba. Tena siku tuliyokwenda walifunga saa kumi na moja jioni, kwa hiyo kaburi la Theodoric, lenye paa la jiwe moja tu la upana wa mita kumi hivi, hatukuwahi. Jengo la kubatizia tuliliona kwa haraka, na hilo ni kosa letu la kuhesabu mikono.

Kwenye treni ya kurudi mume wangu alifungua simu atazame picha za ile dari ya nyota. Alipiga kama arobaini. Zote zimetoka nyeusi, na vidoa vya njano kama taa za gari kwenye ukungu. Alizifuta moja moja, na kabla hatujafika Imola alikuwa ameshaanza kuulizia treni za Jumamosi ijayo.