P91 kwenye bomba za stimu (mvuke): chuma safi, ila hakitaki mchezo

Mimi ni welda wa bomba za boila huku Oman, na kila siku nakuta mafundi wenzangu wanauliza hii P91 ina nini mpaka bei yake iko juu hivyo. Haya, maoni yangu haya hapa.

Chuma chenyewe nakipa nyota nne na nusu. Kina kromu asilimia 9, molibidenamu asilimia 1, na vanadi na niobi kidogo. Wamarekani walikitengeneza kwenye maabara ya Oak Ridge miaka ya 1970 wakiwa na mawazo ya vinu vya nyuklia, ila leo utakikuta zaidi kwenye boila za mitambo ya umeme wa gesi, zile zinazotumia moshi wa moto unaotoka kwenye tabaini. Kwa stimu ya nyuzi 560 hivi ukuta wa bomba unaweza kuwa karibu nusu ya ule wa P22, kile chuma cha zamani chenye kromu kidogo, na mtambo unaozimwa usiku ukawashwa asubuhi unaipenda sana hiyo, maana ukuta mnene unachelewa kupata joto upande mmoja na mwisho wa siku unapasuka.

Sasa watu wakisikia chuma cha kustahimili joto wanadhani hakichoki. Kinachoka jamani, tena kimyakimya. Joto likikaa na presha inasukuma, chuma kinavutika kidogokidogo miaka nenda rudi, ndo hiyo tunaita kripu. P91 ikiwa mpya imejaa vichembe vidogo sana vya kabaidi na naitraidi (metali iliyoungana na kaboni au naitrojeni) vinavyokibana chuma kisisogee, ila saa zikienda vichembe vikubwa vinameza vidogo, vinabaki vichache na viko mbalimbali, chuma kinaanza kulegea. Baadaye vinatokea vitundu usivyoviona kwa macho, vinaungana, tayari ufa. Hesabu nyingi hupigwa kwa saa 100,000, yaani miaka 11 na kidogo bila kuzima, lakini endesha nyuzi 15 juu ya kiwango na maisha hayo yanaweza kushuka karibu nusu.

Nusu nyota niliyokata ni ya ule mstari pembeni ya weldi, milimita chache tu kutoka kwenye weldi yenyewe, pale ambapo chuma kilipata moto wa kukivuruga. Ufa unaanzia hapo, mara nyingi ndani ya ukuta, juu weldi inang'aa kabisa. Na cheti cha chuma nacho kisome vizuri, Uingereza kuna heda, yale mabomba makubwa yanayokusanya stimu, zilipasuka mapema mno kwa sababu alumini ilikuwa nyingi ikaila naitrojeni ambayo vanadi ilikuwa inaihitaji kutengeneza vile vichembe.

Huduma ya kupasha joto baada ya kuweldi tuliyopewa na kontrakta mmoja, simtaji, nampa nyota mbili. Chati yake ya joto ilikuwa imenyooka, nyuzi 755 mwanzo mpaka mwisho, kila mtu akasaini. Tukasaga ule ugamba mweusi, tukang'arisha, tukapima ugumu kwa kipimo cha Brinell: upande wa chini wa bomba 210, juu 160 na ushee, wakati inatakiwa 190 hadi 250. Kumbe themokapo, ile waya ya kupima joto, alifunga chini peke yake, na bomba la kulala joto linapanda juu, kwa hiyo wakati chini inasoma 755 juu ilishapitiliza zamani. Na P91 ikishalainika hivyo huwezi kuirudisha kwa kuipasha tena palepale, ni kukata kipande chote na kuweka kingine, na ndicho tulichofanya, wiki nzima imekwenda na hela ya watu imekwenda.

Kwa hiyo ukiichukua P91 mwambie kontrakta kabisa kwamba themokapo zikae juu na chini, na ugumu upimwe pande zote kabla watu wa insulesheni hawajafunika. Stimu yako ikiwa haivuki 520 na mtambo hauzimwi ovyo, mi ningebaki na P22 bila wasiwasi.