TAHADHARI: Vishoka wa "kodi ya Marekani" wanaowalenga waliotoka Dar kwa viza ya ndoa

Wakuu, kila ikifika mwishoni mwa Januari, msimu wa ritani (taarifa za mwaka za mapato na kodi) za Marekani unapofunguliwa, kuna matangazo yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa mjini: "Umeolewa Marekani? Tunakutolea ITIN kwa siku 7, tunakujazia kodi, rifandi (marejesho ya kodi) ya uhakika." Namba ni ya Dar, malipo ni ya simu, nusu mbele, na mara nyingi anayelipa ni ndugu aliyebaki huku. Anayelengwa ni dada au kaka aliyefika kule juzijuzi: kapata kazi ya ghala au ya kulea wazee, kaingiza dola elfu chache, Kiingereza cha fomu kinamchanganya, na anaona heri amwamini mtu wa nyumbani. Huduma hiyo ina matatizo kuanzia mstari wake wa kwanza.

Anza na hiyo ITIN. Ni namba ya kodi ya mtu ambaye hana haki ya kupata namba ya hifadhi ya jamii, yaani SSN. Aliyeingia kwa viza ya uhamiaji ya mke au mume wa raia anayo haki ya SSN, kwa hiyo ITIN hahitaji na hastahili kuipata. SSN yenyewe ni bure. Unaweza kuiomba ndani ya fomu ya viza, DS-260, na kadi ikaletwa kwa posta baada ya kufika. Kama hukuweka tiki pale, unakwenda ofisi ya Social Security na pasipoti yako, hulipi hata senti. Kumuuzia mtu huyu ITIN ni wizi mtupu.

Anayeweza kuihitaji ni mwenza ambaye bado yuko Dar anasubiri viza, huku aliyeko Marekani anataka wajaze ritani pamoja. Hata huyo, IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, haimtozi ada yoyote. Fomu ni W-7 na kwa kawaida lazima iambatane na ritani yenyewe. Kishoka anayekuambia anatuma W-7 peke yake "ritani baadaye" anakuandalia barua ya kukataliwa. Na siku 7 haipo. IRS wenyewe wanasema wiki 7, na wiki 9 hadi 11 kati ya Januari 15 na Aprili 30 au maombi yakitoka nje ya Marekani.

Watu wengi wa hapa wanaumia kwenye muhuri. Tumezoea: toa kopi, peleka kwa wakili, gonga muhuri, kazi imekwisha. IRS haitambui muhuri wa wakili wala wa kamishna wa viapo kwenye kopi ya pasipoti. Wanataka hati halisi, au nakala iliyothibitishwa na mamlaka ileile iliyoitoa. Kwa pasipoti yetu hiyo ni Uhamiaji. Kishoka anakutoza pesa ya wakili, anatuma, bahasha inarudi baada ya miezi miwili, halafu anakudai tena "ya kufufua faili". Kama unasubiri usaili wa viza, usikubali pasipoti yako halisi iondoke mkononi, iwe kwenda Texas au kwenye droo ya stationari. Tafuta wakala wa ITIN aliyeidhinishwa na IRS. Orodha yao iko kwenye tovuti ya IRS kwa kila nchi. Huyo anaikagua pasipoti mbele yako na kukurudishia palepale. Atakutoza gharama yake, hilo ni halali, ila akupe risiti.

Sasa kipato kidogo. Utaambiwa, "Dola 7,000 ni chini ya kiwango, wewe huhitaji kujaza." Kwa mtu aliye kwenye ndoa huo ushauri ni hatari, kwa sababu ukihesabiwa kuwa unajaza peke yako ukiwa na ndoa, kiwango cha kulazimika kujaza ni dola 5. Ndiyo, tano. Au anakwenda upande wa pili, anakujaza kama mtu asiye na ndoa ili hesabu ipendeze. Hali ya ndoa inaangaliwa tarehe 31 Desemba; kama siku hiyo mlikuwa mmeoana, kujiandika huna ndoa ni kusema uongo chini ya saini yako. Na madhara yake hayaishii kwenye kodi. Mwenye grini kadi ya miaka 2 ataomba kuondolewa masharti kwa fomu I-751, na ritani za pamoja ni miongoni mwa ushahidi unaoonyesha kuwa ndoa ni ya kweli. Fikiria unapeleka karatasi ambayo wewe mwenyewe umeandika kwamba hujaoa.

Ukweli ni kwamba kwa wengi wenye kipato kidogo njia halali ndiyo yenye nafuu. Chukua mfano wa mwaka wa kodi 2025. Mume ana mshahara wa dola 34,000, mke aliyefika Septemba ana 7,200 na hana kipato kingine mwaka huo. Wakijaza pamoja wanaondoa punguzo la kawaida la 31,500, zinabaki 9,700, kodi ni asilimia 10, yaani dola 970. Wakijaza mbalimbali, mume anaondoa 15,750, na yeye peke yake anafika kama dola 1,950. Kama mke hakuwa mkaazi wa Marekani mwanzoni mwa mwaka, mnaambatanisha tamko lililosainiwa na wote wawili kwamba mnachagua kuhesabiwa wakaazi mwaka mzima. Hapo ndipo kishoka anapokosea hata akiwa na nia njema: uchaguzi huo unaingiza kipato cha dunia nzima. Mshahara wa Dar wa Januari hadi Agosti unaandikwa, kwa hiyo salary slip zako usitupe. PAYE iliyokatwa huku inaweza kupunguza kodi ya kule kupitia fomu 1116. Tena mkisaini pamoja, deni na faini ni vya wote wawili. Akikwambia mshahara wa Tanzania haumo "kwa sababu ya mkataba", muulize mkataba upi. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kodi ya mapato.

"Rifandi kubwa" inatoka wapi basi? Inatungwa. Njia wanayoipenda ni nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini inayoitwa EITC. Kwa mwaka 2025, asiye na mtoto hawezi kuvuka dola 649. Mwenye watoto watatu au zaidi anaweza kufika 8,046. Kwa hiyo kishoka anakuwekea watoto: wapwa walioko Mbagala, wadogo zako wanaosoma Tanga. Haikubaliki kabisa. Mtoto wa EITC lazima awe ameishi nawe ndani ya Marekani zaidi ya nusu mwaka na awe na SSN halali, na ninyi wenyewe wote wawili muwe na SSN. Ukitumia ITIN, EITC hakuna. Kumtumia mama pesa kila mwezi hakumfanyi awe tegemezi wako kwenye ritani kama si raia wa Marekani wala mkaazi wa Marekani, Canada au Mexico. IRS wakigundua, unarudisha pesa na riba, na unaweza kufungiwa EITC miaka 2 kwa uzembe au 10 kwa udanganyifu. Wewe, maana jina kwenye ritani ni lako.

Wengine wanatumia fomu 1040-NR, ya wasio wakaazi. Mwenye grini kadi akijitangaza si mkaazi anajichimbia shimo: anakosa lile punguzo la kawaida, na uhamiaji wa Marekani wanaweza kuuliza kama ameacha ukaazi wake.

Kabla ya kusaini, dai uone ritani nzima, si screenshot. Kwenye 1040, fomu kuu ya ritani, mistari 35b na 35d inaonyesha benki na akaunti ambako marejesho yatakwenda. Kama si akaunti yenu, simama hapohapo. Chini ya ukurasa wa pili anayelipwa kujaza lazima asaini na kuandika namba yake ya PTIN, ambayo IRS huwapa wanaolipwa kujaza ritani, inayoanza na herufi P na tarakimu 8. Anayekataa kusaini, au anayeiandika kana kwamba umejijazia mwenyewe, achana naye. Anayetaka asilimia ya rifandi pia. Na msaada wa bure upo: vituo vya VITA, mpango wa IRS wa kujaza ritani bure kule Marekani, vinawasaidia wenye kipato kidogo na wasiojua Kiingereza vizuri. Nenda na W-2 yako, karatasi ya mshahara na makato ya mwaka, ambayo mwajiri anatakiwa kuitoa kufikia Januari 31, vitambulisho, kadi za SSN, na mwenza wako, kwa kuwa kwa ritani ya pamoja wanataka mfike wote.

Aliyekwisha ingia mtegoni asingoje barua. Fungua akaunti kwenye tovuti ya IRS uchukue transkripti (muhtasari) ya ritani iliyotumwa kwa jina lako, ni bure. Yenye makosa inarekebishwa kwa fomu 1040-X. Kama alibadilisha ritani bila ridhaa yako au kuelekeza rifandi kwake, fomu ni 14157 pamoja na 14157-A. Kisha omba IP PIN, tarakimu 6 zinazozuia mtu mwingine kutuma ritani kwa namba yako, kwa kuwa tayari anayo SSN na kopi ya pasipoti. Upande wa Dar, ndugu aliyelipa awapigie mtandao wake wa simu mara moja kuomba muamala uzuiwe, namba ya tapeli itumwe 15040, na taarifa ifunguliwe polisi ikiwa na meseji zote. Usizifute hata kama zinakutia aibu.