The Boys imefika mwisho, nami nimeitazama kwa jicho la fundi

Mimi ni fundi cherehani hapa Bombo. Nashona sare za shule na magauni ya harusi, na kwa kuwa kambi ya jeshi iko jirani, kila wiki kuna mwanajeshi anayeleta suruali nimfupishie. Tamthilia hii sikuivamia kwa ajili ya mapigano. Mpwa wangu aliifungua kwenye kompyuta yake dukani, nikainua macho kutoka kwenye kazi yangu nikaona mabega ya Homelander, yule shujaa mkuu na mwovu wa The Boys: tai wa dhahabu huku na huku, na bendera ya Marekani imegeuzwa joho mgongoni. Mkono ukaniachia pedali. Nikajua aliyebuni vazi lile anajua mtu huogopa nini.

Msimu wa tano, ndio wa mwisho, ulianza tarehe 8 Aprili 2026 kwa vipindi viwili pamoja, kisha kimoja kimoja kila Jumatano. Mimi na mpwa wangu tulikuwa tumerudia misimu minne ya nyuma, vipindi 32, jioni baada ya kufunga duka, umeme ukituruhusu. Kama hujaanza, na wewe fanya hivyo. Ukiingilia mwishoni utaona damu tu, na damu ni nyingi kweli. Uchi upo, matusi yapo. Watoto wa wateja wakiingia dukani tunafunika kompyuta mara moja, na wewe usiiwashe mbele ya wanao.

Kwa asiyeijua: kampuni iitwayo Vought inamiliki mashujaa wenye nguvu za ajabu, inawauza kama sabuni. Umma unaambiwa wamezaliwa hivyo kwa mapenzi ya Mungu, kumbe walidungwa dawa wakiwa wachanga, wazazi wakalipwa. Butcher, Hughie, M.M., Frenchie na Kimiko ndio wanaopambana nao. Asili yake ni vitabu vya katuni vya Garth Ennis na Darick Robertson vilivyoanza kutoka mwaka 2006, na Eric Kripke ndiye aliyevigeuza kuwa tamthilia.

Kilichonishika ni Annie, msichana mwenye nguvu hizo ambaye jina lake la kishujaa ni Starlight. Anaingia Vought na vazi lake la heshima, wanamvua na kumpa jingine linaloacha mapaja wazi. Anakataa. Anaambiwa avae au aondoke. Mwaka mmoja mwenye baa aliniletea sketi sita za wahudumu wake nizipandishe juu ya goti kwa shibiri nzima. Mmoja wa wale mabinti alikuja kupimwa, akashika pindo la sketi kwa vidole viwili, hakusema neno, hakuliachia. Kazi ile niliirudisha. Erin Moriarty, anayemwigiza Annie, anapojitazama kwenye kioo na vazi jipya, ule mkono nauona tena. Kufikia msimu wa nne Annie halivai kabisa, anatembea na nguo za kawaida kama mimi na wewe, na kwangu hapo ndipo anapokuwa shujaa.

Watu wengi watakutajia ile ndege ya msimu wa kwanza. Wanastahili kuitaja. Homelander na shujaa mwenzake Maeve wanaingia kuokoa abiria, miale ya macho ya Homelander inaunguza mitambo ya rubani, basi anaamua wote waachwe. Maeve anamsihi waokoe angalau mama na mtoto wake. Anakataa, maana watasimulia. Antony Starr, anayemwigiza Homelander, hapo hapigi kelele hata kidogo. Anatabasamu, na shavu moja linacheza kidogo sana, ukipepesa macho hulioni. Baadaye Homelander anasimama mbele ya kamera kuwaombolezea wale wale aliowaacha.

Lakini tukio ninalolirudia kichwani ni la mwisho wa msimu wa tatu. Kijana kwenye umati anamrushia kitu mwana wa Homelander. Homelander anampasua kijana huyo kichwa kwa miale ya macho, mchana kweupe. Kimya. Halafu mwanamume mmoja, Todd, anashangilia, na umati wote unamfuata. Mteja wangu, mke wa mwanajeshi, alikuwa amesimama nikimpima kiuno. Alishusha mikono yote miwili akasema, "Fundi, huyo wa kwanza ndiye mbaya." Nilimwacha na futi kiunoni, tukatazama mpaka majina yakapita. Msimu wa nne unapoanza, Todd anauawa kwa amri ya yule yule aliyemshangilia, ili maiti yake itumike kuwasingizia wapinzani. Sijawahi kuona tamthilia ikimlipa mshangiliaji haraka na kwa haki ya kutisha namna hiyo.

Msimu wa nne wenyewe ulinichosha katikati. Mapenzi ya Frenchie yanaanzishwa kisha yanaachwa kama nguo iliyokatwa isishonwe. Kilichouokoa ni Hughie kando ya kitanda cha baba yake, na Homelander kurudi kwenye maabara alikolelewa, mbele ya tanuri walimokuwa wakimwingiza akiwa mtoto. Nilimhurumia, na sikupenda kumhurumia.

Sasa msimu wa mwisho unatukuta nchi iko mikononi mwa Homelander. Hughie, M.M. na Frenchie wamefungwa kambini, Kimiko hajulikani alipo, Annie anahangaika kukusanya wanaothubutu kupinga, na Butcher anarudi na kirusi cha kuwamaliza wote wenye nguvu, wema kwa wabaya. Annie akiwemo. Zaidi ya hapo sisimulii. Kuingoja wiki kwa wiki kulinifaa kuliko kuimeza usiku mmoja kama ule msimu wa kwanza, ambao vipindi vyote vinane vilitoka siku moja. Jumatano mteja wangu yule alifika mapema kuliko kawaida, hakuleta nguo yoyote, akavuta stuli karibu na cherehani na kumwambia mpwa wangu awashe.