Makumbusho ya Amani ya Hiroshima, kwa macho ya mpiga mizinga

Tiketi ya mtu mzima nililipa yeni 200, na kile kifaa cha kusikilizia maelezo kikawa yeni 400 juu yake. Ni kama bure, ukilinganisha na kazi utakayoifanya kichwani ukishatoka. Mimi nimestaafu jeshini, kikosi cha mizinga, na nilikwenda na binti yangu anayesoma hukohuko Japani. Wanaotaka kuelekezwa pa kupigia picha nzuri na pa kunywea kahawa watayapata hayo kwa wengine. Mimi nilikuwa na swali la kikazi: bomu la atomiki ambalo Wamarekani waliliangusha Hiroshima lililenga nini hasa?

Ukitoka stesheni kuu panda tramu namba 2 au 6, ushuke Genbaku Dome-mae. Watu wakishuka hukimbilia lile gofu lenye kuba. Nawashauri muanzie daraja la Aioi, hapohapo pembeni. Lina umbo la herufi T, na umbo hilo ndilo lililolifanya liteuliwe kuwa shabaha, maana aliye angani hawezi kulichanganya na daraja jingine. Halikuwa kambi, wala ghala la silaha, wala bandari ya Ujina ambako askari walikuwa wakipakiwa melini. Lilikuwa daraja la katikati ya mji. Yeyote aliyewahi kushika ramani ya mizinga ataelewa maana yake kabla hajakata tiketi.

Ndani unaanzia jengo la mashariki, juu. Kuna modeli ya mji, nyeupe, ya duara, inayorushiwa picha kutoka darini: asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, mapaa, mito, kisha bomu linashuka, inapiga saa mbili na robo, mji unafutika. Halafu picha zinaanza upya. Binti yangu akaninong'oneza: "Baba, mbona limepasukia juu? Halijagusa hata ardhi."

Nikamweleza palepale. Ganda la mzinga unaweza kulitega lipasuke likitua, au lipasuke hewani. Ukitaka kuvunja handaki unalitega litue. Ukitaka kuwapata watu walio wazi unalitega lipasukie juu yao. Bomu la Hiroshima lilitegwa kupasuka kiasi cha mita 600 kutoka ardhini, kwa sababu ukiwa juu hivyo wimbi la mlipuko linaenea mbali zaidi na kuangusha nyumba nyingi zaidi, na nyumba zenyewe zilikuwa za mbao. Rais Truman wa Marekani alipowatangazia wananchi wake alisema Hiroshima ni kituo cha kijeshi. Si uongo mtupu: makao makuu ya jeshi lililokabidhiwa ulinzi wa kusini-magharibi mwa Japani yalikuwa pale, na askari waliokufa ni maelfu. Lakini fyuzi, kile kifaa cha kulitega bomu lipasuke, haitoi hotuba. Zile mita 600 zilipigiwa hesabu kwa ajili ya mji.

Jengo kuu ni la mwanga hafifu, maandishi machache, vitu vingi, na vingi kati yake vina majina ya wenyewe. Kile kibaiskeli cha magurudumu matatu, ambacho baba alimzika nacho mwanawe wa miaka mitatu, ndicho kinachojaza watu. Mimi nilikaa zaidi kwenye sare za shule. Asubuhi ile maelfu ya wanafunzi walikuwa wametolewa madarasani kwenda kubomoa nyumba, ili pawe na nafasi za kuzuia moto usienee kama mji ungeshambuliwa. Hoja ninayoisikia sana, hata kwa wenzangu wa zamani, ni kwamba katika vita vile hapakuwa na raia, kwa kuwa Japani ilimwingiza kila mtu vitani mpaka watoto. Ni kweli iliwaingiza. Basi kazitazameni zile sare zilivyo ndogo. Serikali iliyomtoa mtoto shuleni kufanya kazi ya vita ina hatia yake, na hatia hiyo haimpi adui ruhusa ya kumchoma huyo mtoto.

Baada ya hapo njia inakurudisha jengo la mashariki, na hapa wageni wengi huwa wamekwisha. Wanapita mbele ya mabango kama watu wanaotafuta choo. Tafadhalini, simameni. Mjadala wenyewe uko hapa: bomu lilivyotengenezwa, uamuzi wa kulitumia ulivyofikiwa, miji ilivyochaguliwa. Mimi kilichonikaa ni hili: kulikuwa na miji iliyoepushwa kwa makusudi na mashambulizi ya kawaida, Hiroshima ukiwa mmojawapo, ili nguvu ya bomu jipya ipimike vizuri. Kyoto ilikuwa kwenye orodha, Waziri wa Vita wa Marekani, Henry Stimson, akaifuta. Mwezi Julai wanasayansi kama 70 wa mradi wa bomu, wakiongozwa na mwanafizikia Leo Szilard, walitia saini ombi kwamba bomu lisitumike kabla Japani haijatangaziwa masharti kamili na kuyakataa. Halikubadilisha kitu.

Hoja za wanaotetea bomu hazipewi nafasi kubwa humu, na sishangai, kwa hiyo nendeni nazo kichwani. Mapigano ya kisiwa cha Okinawa yalichukua karibu miezi mitatu ya mwaka huohuo, yakaua Wamarekani zaidi ya 12,000 na raia wengi kuliko hao mara nyingi. Majeshi ya Marekani kutua Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini mwa Japani, kulipangwa Novemba. Na Tokyo, usiku mmoja wa Machi, mabomu ya moto ya kawaida yaliua watu wanaokaribia 100,000, wala hakuna anayelibishania shambulio lile kwa ukali huu. Askari aliyekuwa akisubiri kupandishwa boti kwenda Kyushu sitamhukumu kwa kushangilia. Ninachokikataa ni ile hesabu ya "maisha yaliyookolewa", inayowaweka wafu wa kukisia upande mmoja wa mizani na wafu wenye majina upande wa pili, kisha ikatangaza mizani imelala kwa wale wa kukisia.

Hata anayekaribia kunishawishi kuhusu bomu la kwanza hunipoteza kwenye la pili. Tarehe 8 Agosti Wasovieti wanatangaza vita dhidi ya Japani. Tarehe 9 bomu jingine linaangushwa, tena Nagasaki, kwa kuwa Kokura, shabaha ya kwanza, haikuonekana vizuri kutoka juu. Siku tatu! Amri ya kikosi tu huchukua muda kupanda na kushuka, sembuse baraza zima la vita kukubaliana kusalimu amri.

Sheria nayo ina pengo. Mwaka 1996 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema kwamba kutumia silaha za nyuklia kwa ujumla ni kinyume cha sheria za vita, halafu ikasema haiwezi kuamua kwa uhakika iwapo ni hivyo hata kwa taifa linalopigania uhai wake. Kura zilikuwa saba kwa saba, ikabidi ya rais wa mahakama iamue. Mwenye bomu gani atakubali kwamba vita vyake si vya kupigania uhai?

Na sisi wasomaji wa Kiswahili tuna la kwenda nalo pale. Ndani ya bomu lile mlikuwa na urani kama kilo 64, na iliyopasuka hasa haikufika kilo moja. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Wamarekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa mikono ya Wakongo. Likumbukeni jina hilo mnaposoma bango la utengenezaji.

Mkitoka, ukumbi wa kuwakumbuka wahanga uko jirani na hauna kiingilio. Ukuta wake umejengwa kwa vigae 140,000, idadi inayokadiriwa ya waliokufa hadi mwisho wa 1945. Ukikuta kuna mtu anasimulia ushuhuda wa manusura, kaa umsikilize. Ni bure pia. Mtoto wa chekechea mwachie mtu bustanini, jengo kuu si lake. Na nendeni asubuhi mapema kabla makundi ya shule hayajafika, la sivyo mabango ya jengo la mashariki mtayasoma kwa kuchungulia juu ya mabega ya watu.