Msitu nauheshimu, mwongozaji simsamehe

Nilikuwa nimeamua kuipa hifadhi hii ya msitu nyota moja kati ya tano. Baada ya kutulia kidogo nikaona huo ni uonevu, maana msitu haukukosa lolote. Aliyekosa ni mtu mmoja mwenye fulana ya kijani aliyetutangulia njiani, na kwa kuwa yeye ndiye anayesimama kati ya mgeni na kila kilichomo mle ndani, naanza naye.

Ni hifadhi mojawapo ya misitu ya mvua ya Tao la Mashariki, ile milima inayoanzia Taita kule Kenya na kuteremka kupitia Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa. Jina la hifadhi silitaji. Ilikuwa mwanzoni mwa mvua za vuli. Tulikuwa wageni kumi na wawili katika kundi moja, na tukaingizwa njiani saa 4 kasoro asubuhi. Hayo tayari ni makosa mawili, nitayafikia. Njia yenyewe ni ya mzunguko, kama kilomita 5, inapanda kwenye mgongo wa kilima na kushukia kijito. Mwongozaji akashika mbele kwa mwendo wa mtu anayewahi basi. Nyuma hageuki, neno hasemi. Mama mmoja mtu mzima, mwenye darubini yake shingoni, akamwita kwa upole kabisa:

"Baba, hebu tusimame kidogo. Kuna kitu kinatikisa matawi pale juu."

Hakusimama. "Mama, kama unataka wanyama nenda Serengeti. Hapa ni miti tu."

Waliokuwa wakitikisa matawi hayo, juu ya kichwa chake, walikuwa mbega.

Wala si suala la kubahatisha. Ukimtazama tumbili kutoka chini, anga likiwa nyuma yake, rangi hupotea na wote huonekana weusi. Hapo unaangalia mkia. Mbega akikaa, mkia wake mrefu unaning'inia wima chini ya tawi. Kima anaubeba mkia nyuma yake ukiwa umejipinda. Mbega akivuka kutoka mti hadi mti hujirusha mwili mzima na kuangukia matawi ya chini, majani yakamwagika kwa kishindo. Kima hupenda kupita juu ya matawi kwa miguu yote minne. Tena pale chini njiani palikuwa na majani machanga yaliyong'atwa nusu, bado mabichi, na vikonyo vimetapakaa. Mtu anayepita njia hiyo kila siku ya Mungu alikanyaga ushahidi huo kwa buti lake, kisha akamwambia mama wa watu hapa ni miti tu.

Nasisitiza hili kwa sababu wageni wengi wakitoka pale huamini kwamba kweli hakuna kitu. Kwenye mbuga ya nyasi mnyama unamwona mbali na gari linamfuata. Msitu wa mvua unafanya kazi kinyume chake. Mwanga unaofika chini ni kidogo mno, labda asilimia 2 ya ule unaopiga vilele vya miti, kwa hiyo majani mengi, maua na matunda viko juu, na wanyama wengi wako huko huko. Chini macho yako hayafiki mita 20. Anayetembea anasikia nyayo zake mwenyewe tu, na kila kiumbe mbele yake kimeshamsikia na kunyamaza. Katika milima hii hii ndimo alimoishi ngolaga wa Sanje, tumbili mkubwa tu, asijulikane kwa wanasayansi mpaka 1979. Kipunji, tumbili mwingine, alitangazwa 2005, na njule wa Udzungwa mwenye uso wa kijivu, mnyama wa pua ndefu na gramu 700 hivi anayetembea mchana kweupe, alielezwa rasmi 2008. Wenyeji waliwaona zamani. Wataalamu wenye vifaa ndio waliopita bila kuwaona, sasa mgeni anayeburuzwa mbio ataona nini?

Namna ya kuutembea msitu huu inajulikana, na waongozaji wazuri wanaifanya bila kuombwa. Watu wawe wanne, wasizidi sita. Kule Bwindi, Uganda, kundi la kutazama gorila halizidi wageni 8, na hao ni wanyama wakubwa waliokwisha kuzoeshwa watu. Muwe njiani saa 12 na nusu asubuhi, kwa sababu mbega huanza siku juu kabisa kwenye jua la kwanza na kula mpaka kama saa 3 au 4, kisha hutulia. Tumbo lao lina vyumba ambamo vijidudu huchachusha majani, na kazi hiyo inataka saa nyingi za kukaa kimya. Ukikosa asubuhi, rudi saa 9 alasiri. Mkishaingia, mnakwenda hatua thelathini au arobaini, mnasimama dakika mbili tatu bila kusema. Kimya kikifika dakika ya pili ndipo msitu unaanza tena: tunda linadondoka, tawi linarudi mahali pake, hondohondo anapita juu na mabawa yake yanavuma kabla hujamwona. Mkuyu wenye matunda mabivu unastahili nusu saa nzima, maana kima, hondohondo na njiwa wa msituni watakuja zamu kwa zamu. Kwa mwendo huo kilomita 5 haziishi hata kwa saa nne. Sisi tulizimaliza kwa saa moja na dakika chache.

Kwa nini haraka yote ile? Pale getini mwongozaji analipwa kwa kundi, halipwi kwa saa. Akimaliza la asubuhi mapema anapata la pili, na siku nzuri la tatu. Ndiyo maana kundi linajazwa watu kumi na wawili badala ya kugawanywa mara mbili. Sawa, mtu anatafuta riziki, hilo nalielewa na lawama yake nusu naipeleka kwa aliyepanga malipo namna hiyo. Lakini hakuna mpango wa malipo unaomlazimisha mtu kumjibu mama wa umri wa mama yake vile. Na hakuna mpango uliomlazimisha kufanya alichofanya baadaye.

Wageni waliponung'unika, aliona aibu au hasira, sijui. Tulipofika kwenye mti mwingine wenye mbega waliojipumzisha, akashika mtambaazi mnene ulioning'inia kutoka juu na kuutingisha kwa nguvu zote, mara tatu, ili wanyama waruke watu wapige picha. Waliruka kweli. Mmoja alikuwa na mtoto kifuani. Simu zikainuliwa, watu wakafurahi, mimi nikatamani kumnyang'anya ule mtambaazi. Mbega aliyeshiba majani anatumia nguvu kidogo anayoipata, kumkurupusha katikati ya mmeng'enyo ni kumwibia chakula alichokwisha kula. Tena tumbili wanajifunza. Kundi likikurupushwa mara kadhaa mahali pamoja, linahama ukingo wa njia, na baada ya miaka michache waongozaji wanasema kwa dhati kabisa kwamba hapa ni miti tu. Ndizi ni hivyo hivyo. Mahali popote ukiona mwongozaji anatoa ndizi mfukoni, geuka urudi: kima na nyani huwa wakorofi, na mbega, ambaye tumbo lake ni la majani, sukari ya matunda mabivu inaweza kumchafua vibaya.

Basi nyota moja. Lakini ngoja.

Tulipokuwa tumekaa kungojea usafiri, palikuwa na mzee anayefagia majani na kuzibua mifereji ya njia karibu na geti. Tukamwamkia, akauliza kama tumeona njule. Hatujaona. Akatuambia tumfuate watatu tu, tukanyage alipokanyaga. Mita mia mbili kutoka maegesho ya magari akasimama, akainua kidole. Nilisikia majani makavu yakichakura. Kanga wa msituni huparura kwa mikupuo, anaparua, anatulia, anaparua tena. Hii ilikuwa chakarachakara ndogo isiyokatika, inasogea mbele. Kisha pua ikatokea, ndefu, inayopinda huku na huku chini ya majani ikitafuta wadudu, na nyuma yake mwili wa rangi ya kutu unaoishia na kiuno cheusi, miguu myembamba mno kwa mwili ule. Alikula mbele yetu bila wasiwasi mpaka mtu mmoja akahamisha mguu. Akapiga mkia kwenye majani, akatoweka. Mzee akatuonyesha rundo la majani chini ya mzizi, kama uchafu uliosukumwa na maji, akasema hicho ni kitanda chake cha usiku. Ni kweli, njule hujenga viota vya majani chini na kulala humo.

Hapo nyota zikawa tano, nawaambia ukweli. Zikashuka tena nilipouliza kwa nini mzee huyu haongozi wageni, nikajibiwa hana cheti na hajui Kiingereza. Kundi letu zima lilikuwa linazungumza Kiswahili!

Njia zenyewe nazisifu bila masharti. Aliyezijenga anajua maji. Kwenye miteremko vigogo vimelazwa mshazari ili maji ya mvua yatoke pembeni kabla hayajapata kasi ya kuchimba, na mbao za madaraja zimepigiliwa wavu wa waya, kwani ubao wa msituni huota utelezi wa kijani ambao hakuna buti linaloushika. Hata hivyo udongo ni mwekundu wa mfinyanzi na mizizi iko kila mahali. Mzizi uvuke, usiukanyage, hasa uliokwisha kuchubuka ganda. Raba za kawaida ziache. Vaa buti lenye meno marefu au gambuti, suruali ndefu isiyo ya jinzi kwa sababu jinzi ikilowa haikauki humo, na soksi zivutwe juu ya suruali kwa ajili ya kupe na siafu. Msafara wa siafu ukikatiza njia, ruka uende mita tano mbele ndipo usimame uangalie nyuma, maana mara nyingi kuna ndege wanaoufuata kunyakua wadudu wanaokimbia. Wale wanaosimama juu ya msafara wakipiga picha ndio hao unaowasikia wakivua suruali njiani. Pembeni pembeni, kwenye uwazi wenye jua, usishike ganda lolote lenye manyoya ya dhahabu: ni upupu.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 kwa lenzi ya milimita 42, inatosha na inapita inayokuza mara 10, kwa kuwa giza ni kubwa na mkono unatetemeka ukitazama juu muda mrefu. Kamera ikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi itajaa ukungu kwenye lenzi. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa ipate joto taratibu, usiifute futefute.

Kama kuna matembezi ya usiku, lipieni hayo kabla ya mengine yote. Kinyonga ambaye mchana utampita mara mia, usiku amelala kwenye ncha ya kijiti, amepauka, na tochi ya kichwani inamtoa waziwazi. Macho ya komba yanarudisha mwanga wa rangi ya chungwa. Na kwenye misitu hii wako vyura wadogo wanaozaa watoto kamili bila kupitia hatua ya viluwiluwi vya majini. Yule wa korongo la Kihansi, kule Udzungwa, ndiye maarufu, alitangazwa kuwa ametoweka porini 2009, lakini jamaa zake wengine bado wapo milimani. Kuwaona kunataka mtu anayejua majani gani ya kuinamia, na tumerudi pale pale kwa mwongozaji.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza mambo haya ukiwa bado na pesa mkononi. Kundi litakuwa la watu wangapi? Tunaweza kuingia saa 12 na nusu? Mwongozaji ana kundi jingine leo? Kama analo, omba mwingine au lipa ada ya makundi mawili mumchukue ninyi peke yenu kwa saa nne. Mkigawana watu watano si mzigo mkubwa. Mwambieni mapema kwamba mtasimama mara kwa mara. Akicheka, badilisheni. Akijibu kwa kukuuliza unataka kuona nini, huyo mshike.

Nyota: sijafikia uamuzi. Nimeandika tatu, nikafuta nikaandika mbili kwa ajili ya yule mama, ambaye hakuinua darubini yake tena mpaka tunatoka. Naacha mbili. Siku watakapompa yule mzee kundi la kuongoza, nitarudi nizibadilishe.