Fimbo za gofu mtumba Mwembe Tayari, bei ya kuelewana na historia juu

Kama wataka fimbo za gofu na mfuko haukubali bei za madukani, kuna mzee mmoja huku Mombasa, nyuma ya Mwembe Tayari, duka halina hata bango, wewe ulizia "kwa mzee wa gofu" utaonyeshwa. Anauza mtumba, fimbo moja moja ama seti nzima, anabadilisha mipira ya mshikio na begi likichanika anashona. Nilichukua fimbo ya chuma namba 7 na fimbo ya kusukumia kwa 3,500 zote mbili, alianza na elfu tano akasema "mwanangu hapa si supamaketi, na wewe sema lako tuelewane". Chuma kizuri, hakina kutu, mshikio mpya umekaa sawa.

Shida ni kwamba ukiwa na haraka usiende. Mshikio ni kazi ya nusu saa, lakini mzee alikuwa kedi zamani, yaani mbeba fimbo za wachezaji, na akianza hadithi za Safari Circuit, mashindano ya gofu ya zamani ya Afrika, hasimami, mkono wenyewe unasimama lol. Mimi nilikuwa sijui kabisa kama kulikuwa na kitu hicho, nikaenda kutafuta mwenyewe na kweli kilikuwepo. Yani miaka ya 70 na 80 baridi ikiwa kali Ulaya, wachezaji wa kulipwa, wengi wao Waingereza, walikuwa wanashuka huku mwanzoni mwa mwaka, Nigeria, Ivory Coast, Zambia, Kenya, baadaye na Zimbabwe, wanachezea pesa na kujinoa kabla msimu wa kwao haujaanza. Na si watu wadogo! Seve Ballesteros alichukua Kenya Open 1978, mwaka uliofuata akachukua Open ya Uingereza. 1978 hiyo hiyo Sandy Lyle alishinda Nigeria, raundi mbili za kwanza kapiga 61 na 63, na kwenye gofu mapigo machache ndiyo ubora. Ian Woosnam naye Zambia 1985, Kenya 1986, halafu Masters ya Marekani 1991.

Ya Lagos ndiyo mzee anaipenda zaidi. Pale klabu ya Ikoyi penye shimo hapakuwa na nyasi, ni mchanga umechanganywa na mafuta, wakipaita brauni, na hapo hapo 1981 Peter Tupling alimaliza raundi nne kwa mapigo 255, rekodi ya dunia wakati ule. Ingewekwa Marekani tungeimbiwa mpaka leo.

Miaka ya 90 ikaanza kufifia, mashindano mengine yakaingizwa kwenye Challenge Tour, ligi ya daraja la pili ya Ulaya, mengine yakafa kimya kimya. Kenya Open iliingia huko 1991 na ndiyo imepona, 2019 ikapanda mpaka ligi kubwa ya Ulaya. Ila hata hapa Pwani kuna alama, ule uwanja wa Baobab pale Vipingo Ridge mchoraji wake ni David Jones, na David Jones huyo ndiye bingwa wa Kenya Open 1989. Nimepita hiyo barabara ya Malindi miaka na miaka na hakuna aliyewahi kunambia.

Haya, bei nampa tano, kazi nne, muda mbili. Mpesa anachukua, risiti hana, Ijumaa mchana anafunga mpaka watu watoke msikitini. Na ukiwa unapiga kwa mkono wa kushoto usijisumbue, hana hata moja.