Huduma ya kupitia mikataba: ofisi moja ya mawakili mjini Moshi

Anayeombwa na ndugu amdhamini, kisha akaletewa karatasi ya Kiingereza ya kutia saini, hatapoteza kitu akipita kwanza katika ofisi ndogo ya mawakili iliyo ghorofani, karibu na mnara wa saa mjini Moshi. Nilipeleka huko rasimu niliyopewa na msambazaji aliyekuwa tayari kumpa shemeji yangu saruji na mabati kwa mali kauli, mradi mimi nisimame kama mdhamini.

Thamani ya huduma hiyo niliiona kwenye sentensi moja tu ya ukurasa wa pili, iliyonitaka nitoe “guarantee” na “indemnity” kwa pamoja. Wakili aliweka rula chini ya mstari huo, akaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka. Katika ahadi ya kwanza deni hubaki la mkopaji, na mdhamini huwajibika pale mkopaji anaposhindwa kulipa, ingawa kwa kawaida mdai halazimiki kumshtaki mkopaji kwanza, jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Hata hivyo mdhamini ana kinga: kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyofuata kwa karibu ile ya India ya mwaka 1872, mdai na mkopaji wakibadilisha masharti bila ridhaa yake, hawajibiki tena kwa miamala itakayofuata mabadiliko hayo. Ahadi ya pili hujitegemea. Anayeitoa hukubali kubeba hasara ya mwenzake kama mzigo wake mwenyewe, hivyo hata mkataba wa mkopaji ukionekana batili, yeye anaweza kuendelea kudaiwa.

Alishauri neno la pili lifutwe na kiwango cha juu cha dhamana kitajwe kwa tarakimu na kwa maneno. Msambazaji aliyakubali yote mawili bila ubishi, nami nashuku kwamba rasimu yenyewe ilinakiliwa tu mahali.

Kasoro ipo. Maoni ya maandishi yalitoka kwa Kiingereza, ikabidi niombe nakala ya Kiswahili ambayo shemeji angeweza kuisoma, na karani hakuiona haraka yangu kuwa haraka. Ada hutajwa kabla ya kazi kuanza na risiti hutolewa. Mteja aende na rasimu nzima pamoja na viambatisho vyake, kwani masharti ya malipo yenyewe mara nyingi yamejificha huko nyuma.